Mashine Iliyokwama Langoni kwa Mzee Aminieli

Ungemuuliza Jabiri ni nani aliyemfundisha kazi, angekujibu kwamba ni njaa ya vipuri. Angecheka kidogo, kisha akakamilisha jibu: njaa ya vipuri na Mzee Aminieli. Hivyo viwili kwake vilikuwa kitu kimoja, maana kimoja bila kingine kisingemfanya fundi.

Alizaliwa Ngarenaro, mtoto wa muuza mikeka aliyetoka Kondoa, akaingia karakana ya serikali kule Themi angali kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinajishauri kama zitoke au zisubiri. Foromani wa pale alikuwa Mmeru mrefu, mkimya, Mlutheri wa kusali kimoyomoyo mbele ya kila injini kabla ya kuifungua. Huyo ndiye Aminieli. Miaka ile dukani hamkuwa na kitu. Ukitaka bolti unaandika barua, barua inakwenda Dar es Salaam, na jibu likija kurudi mashine imeshaotewa na majani. Basi Aminieli aliwafundisha vijana wake kuishi na kilichopo. Gasketi walikata kwenye makasha ya viatu. Filta walizifua kwa mafuta ya taa wakazianika juani kama nepi. Na raba ya kapling, kile kiungo kinachokaa kati ya injini na pampu ili nguvu ya mmoja imfikie mwenzake, waliichonga kutoka kwenye tairi bovu la lori, kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya sabuni.

Katika kuchonga raba hizo Jabiri aliwazidi wote. Aminieli alikuwa akimkabidhi kisu na kumwambia, "Kata wewe, mkono wangu una papara." Uongo mtupu. Mkono wa Aminieli haukujua papara ni mnyama gani. Ilikuwa ndiyo namna yake ya kumsifu mtu bila kumvimbisha kichwa, na Jabiri alilijua hilo, na alikuwa tayari kukata matairi ya nchi nzima ili aambiwe tena.

Kisha ikaja biashara huria. Karakana ikauzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishika spana, wafanyakazi wakapangwa mstari, wakapewa kiinua mgongo na kupewa mkono. Aminieli akarudi kwao, kijiji kilichoko juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa yake. Jabiri akafungua gereji yake mwenyewe kando ya barabara ya kwenda Njiro: mabati manne, benchi moja, na kelele za kutosha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Maduka ya mjini yalijaa vipuri mpaka vikaning'inizwa nje mlangoni kama ndizi, na nusu yake vilikuwa bandia, lakini vilikuwepo. Njiro ikaota kuta na mageti. Na kwa sababu kila ukuta unataka msingi na kila nyumba inataka bomba, zikaja zile eskaveta ndogo za Kijapani, zilizochoka huko kwao zikaletwa zichoke zaidi kwetu. Watu wakaziita vijiko. Zilichimba mtaro kwa asubuhi moja, mtaro ambao vijana wenye sululu wangeumalizia wiki. Zilikuwa nzuri, na ziliharibika, na Jabiri alikula kwa kuharibika kwake.

Ila jambo moja halikubadilika. Jabiri hakuwahi kuimaliza kazi yoyote kubwa bila kumuuliza Aminieli. Mwanzoni alipanda mpaka kijijini kwake. Simu za mkononi zilipoingia, alisimama katikati ya gereji akiiga mlio wa pampu kwenye simu, "Mzee, inafanya hivi, wiii, halafu inakohoa," wateja wakishika mbavu kwa kicheko. Upande wa pili Aminieli hakucheka. Alisikiliza, akauliza kimoja, kingine, ndipo akasema, "Imekaa," au, "Bado, fungua tena." Jabiri mwenye wajukuu wawili, mwenye gereji, mwenye jina mjini, alifunga au kufungua kwa neno hilo moja. Mkewe Rukaiya alimtania kuwa ana mke mmoja na mume mmoja.

Mara moja tu hakumtii. Kijiko cha kijana mmoja mkandarasi kilikatika raba ya kapling, na kijana akaona raba ya dukani ni ghali, akaomba achongewe ya tairi. Jabiri akachonga, tena kwa raha, maana mkono ulikuwa umeikumbuka kazi hiyo. Alipomweleza mzee wake kwa simu, alitegemea kusifiwa. Aminieli hakumsifu.

"Ile ilikuwa dawa ya njaa, Jabiri," alisema. "Siku hizi chakula kipo. Kwa nini unampa mtu dawa ya njaa?"

Jabiri alijibu kwa heshima kwamba ataibadilisha. Hakuibadilisha. Raba ilifanya kazi, mwenye mashine alifurahi, na kitu kinachofanya kazi nani anakigusa?

Aminieli akafariki katikati ya wiki, baada ya kuugua kidogo tu. Habari zilimkuta Jabiri chini ya lori, na alikaa kulekule chini mpaka mwenye lori akainama kumwangalia kama yu hai. Mazishi yakapangwa Jumamosi nyumbani kwa marehemu. Ijumaa jioni simu ikalia tena. Alikuwa Bariki, dereva wa kile kijiko.

"Shikamoo fundi. Raba yako imekufa."

"Marahaba. Imefia wapi?"

Bariki akamweleza. Kijiko kilikuwa kinachimba mtaro wa bomba la maji katika kijiji kile kile, kwenye kinjia kinachopita kwa Mzee Aminieli. Baada ya msiba kazi ilisimamishwa, na Bariki, kijana mwenye adabu zake, akaona si vizuri mashine ikae ndani ya kinjia cha wafiwa. Akaiwasha aitoe. Alipofika langoni kabisa, pale kinjia kinapobanwa na ukingo wa udongo upande mmoja na safu ya masale, mimea ya mpaka, upande mwingine, ukasikika mkwaruzo, ikatoka harufu ya raba iliyoungua, na injini ikaendelea kunguruma lakini mashine haikusogea hata unyayo.

"Tuivute na lori," alisema Jabiri, ingawa alijua jibu.

"Fundi, wewe ndiye uliyenifundisha. Miguu yake inatembezwa na oili. Oili isiposukumwa, miguu imefunga. Tukiivuta tutang'oa masale yote ya mzee na lango lake."

Masale hayang'olewi. Mmeru atakuuzia ng'ombe, atakuuzia hata kitanda, lakini masale ya mpaka wa baba yake hakuna anayeyagusa, sembuse wiki ya kumzika. Na kwa vile lango lilikuwa limezibwa, jeneza lingelazimika kupitia nyuma, kwenye mahindi ya jirani. Jabiri alikata simu akaona aibu ikimpanda kuanzia magotini. Mwalimu wake hataingia kwake kwa lango lake, na kilichomzuia ni raba ambayo Jabiri alimwahidi kuibadilisha.

Alfajiri alimgongea mwenye duka la vipuri nyumbani kwake, akamtoa kitandani, akanunua kapling mpya, ya kweli, baada ya kuikagua kwa kurunzi mpaka mwenye duka akakasirika. Kulipokucha vizuri alikuwa kwa Mzee Aminieli. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu. Uani turubai lilishafungwa, wanawake walikuwa jikoni kwenye moto, na wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Aliwasalimia mmoja mmoja, akaingia ndani kumpa pole mjane, Mama Elinami. Yule mama alimshika mkono. Kisha akasema, "Nimesikia kuna chuma kimelala langoni kwangu."

"Nitakiondoa, mama."

"Kiondoe, mwanangu. Huyu mtu hajawahi kupitia nyuma maisha yake yote. Hata alipokunywa."

Jabiri akavaa ovaroli. Bariki alikuwa ameshaishusha bakuli ya kijiko ikagusa ardhi, na Jabiri akamwambia azungushe mikono yote ya kuendeshea, huku na huku, ili nguvu iliyobaki ndani ya mipira ya oili ipumue. Kisha akafungua kifuniko cha tangi taratibu, ikasikika pumzi ndefu. Pampu haitoki bila kumwaga oili ya haidroliki kwanza, na oili ile ilikuwa bado njema, ya rangi ya chai ya rangi. Akiikusanya safi atairudisha. Kumbe hakuwa na chombo. Akaenda jikoni kuomba ndoo.

Mkuu wa jiko siku hiyo alikuwa Hedwiga, mama wa Kichaga aliyeolewa pale, mwenye sauti ya kuwasha taa. Alimtazama Jabiri, akatazama ndoo zake nyeupe za wali.

"Ndoo za msiba utie oili? Wewe baba unataka watu wazikwe wangapi?"

Wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka kuna msiba wakanyamaza. Ni Mama Elinami aliyeagiza kutoka ndani kwamba achukue mapipa ya kahawa. Yalikuwa nyuma ya banda, mapipa ya bluu ambayo marehemu alikuwa akilowekea kahawa, mpaka bei ilipoanguka akang'oa mibuni nusu shamba akapanda nyanya. Hata hivyo marehemu aliyaosha mapipa yale, akayakausha, akayafunika. Nani anaosha pipa ambalo halitumii? Mtu anayedhani bei itarudi. Jabiri alipitisha kitambaa ndani yake na kitambaa kikatoka cheupe. Alisimama na kile kitambaa mkononi, na machozi ya kwanza yakamjia hapo hapo nyuma ya banda, ambako hakuna aliyemwona.

Oili ikashuka kwenye pipa kwa utulivu. Wakafunika pipa kwa kitambaa, wakafungua mipira, kila mdomo Jabiri akauziba kwa kizibo na kitambaa safi ili vumbi lisiingie. Bolti zikatoka moja baada ya nyingine. Pampu ikatoka na ile raba yake ya tairi ikadondoka vipande vipande, vyeusi, kama makoko ya ugali ulioungua. Hakuitazama sana. Iliyobaki ni pete ya chuma iliyoshika shafti ya pampu, ambayo ilipaswa kutoka ili mpya iingie. Pete ilikuwa imeng'ang'ania. Kwa hiyo Jabiri alifanya kile alichokuwa akikifanya gerejini kila siku tangu biashara ilipokuwa huria na wateja wakawa na haraka. Alichukua nyundo, akaipiga pete.

Ngwaa!

Pigo moja lile lilikwenda mpaka uani. Mazungumzo yakakatika. Mbwa akabweka halafu akaona aibu. Kabla Jabiri hajainua nyundo mara ya pili, alimwona mzee akija na fimbo, haraka kuliko umri wake ulivyomruhusu. Alikuwa Elihuruma, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo.

"Wewe fundi wa mjini! Unamgongea nani?"

"Shikamoo mzee. Nagonga pete itoke."

"Marahaba. Weka nyundo chini." Alisubiri mpaka nyundo ikawekwa. "Katika ukoo huu chuma hakigongwi mpaka marehemu awe amefunikwa. Hata zamani mhunzi alizima moto wake akakaa. Ukigonga chuma mtu akiwa bado juu ya ardhi, unaita mwingine. Kaka yangu hakukuambia?"

Hakumwambia. Ingemjiaje kumwambia? Mtu hamweleweshi mwanafunzi wake namna atakavyozikwa. Na Jabiri, mtoto wa Ngarenaro, aliyezoea kwamba maiti ya asubuhi jioni imeshazikwa, hakuwa amewahi kuona siku nyingi zinazokaa kati ya kufa na kufukiwa, wala hakujua kwamba siku hizo zina sheria zake.

"Nisamehe, mzee wangu. Sikujua."

"Nimekusamehe. Lakini usigonge."

"Na nisipogonga, mzee, pete haitoki. Pete isipotoka, mashine haitoki. Mashine isipotoka, marehemu atapita kwenye mahindi."

Elihuruma aliitazama ile pete, akalitazama lango la kaka yake, akamtazama Jabiri. Ilionekana wazi kwamba lile la mahindi lilikuwa likimuuma kuliko la nyundo, na kwamba hakuwa na ruhusa ya kuchagua.

"Yeye angefanyaje?" aliuliza.

Swali lile lilimkaa Jabiri. Alichutama mbele ya pampu. Bariki akataka kusema kitu, akaonyeshwa kidole cha kunyamaza. Simu zilikuwa zikilia uani. Mtu akasema kwa sauti kwamba gari limeshatoka mochwari. Jabiri hakusogea. Alikuwa akijaribu kukumbuka ni lini hasa alimwona Aminieli ameshika nyundo, na akagundua kwamba hakumbuki. Alimwona na kisu, na spana, na kitambaa, na mara nyingi sana alimwona amekaa tu, anaitazama kazi kana kwamba ndiyo inayopaswa kuanza mazungumzo. Nyundo ilikuwa ya Jabiri mwenyewe. Aliinunua baada ya karakana kuuzwa, na kwa miaka yote hiyo aliamini amerithi kila kitu kutoka kwa mzee wake, kumbe alirithi mikono akaacha subira. Jambo hilo lilimuuma kweli kweli, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kwenda kumwambia kwamba amelijua.

"Mzee," alimwambia Elihuruma, "naomba maji ya moto. Yanayochemka."

Sasa Hedwiga hakubishana. Sufuria za wali zikasogezwa pembeni, maji yakachemshwa, yakaletwa kwa birika, moja baada ya jingine, wanawake wakipokezana kutoka jikoni mpaka langoni. Jabiri alipima kwa kaliperi jinsi pete ilivyokaa kwenye shafti, akaandika kipimo kwa chaki kwenye mkono wa ovaroli yake. Kitu ambacho kwa nyundo angekisahau, na raba mpya ingekaa kombo ikafa kabla ya Krismasi. Akapaka grisi nzito pale shafti inapoingia kwenye pampu ili maji yasipenye. Akaizungushia pete vitambaa, akamimina. Akafunga pula, kifaa cha kuvutia pete, vidole vyake vitatu vikaishika pete kwa nyuma, akakaza skrubu yake kidogo. Akasubiri. Akamimina tena. Chuma kikipata moto hutanuka, hilo kila fundi analijua. Lakini chuma kina wakati wake, na hilo mafundi wengi hujifanya hawalijui.

Wazee walikuwa wamesogea mmoja mmoja, wakasimama wamezunguka. Robo mzunguko wa spana, maji. Robo mzunguko, maji. Kawia ufike, alijisemea Jabiri, na mara moja akahisi kitu kikilegea chini ya vidole vyake, kidogo sana, kama jino la mtoto. Pete ikaja. Ilitoka bila sauti yoyote, akaiweka juu ya majani. Elihuruma alivuta pumzi kubwa akasema neno moja la Kimeru ambalo Jabiri hakulijua, ila alijua si tusi.

Pete mpya aliitia kwenye maji yale yale ya moto, akaikausha upesi, akaisukuma kwa viganja vilivyovaa glovu mpaka kwenye kipimo chake cha chaki. Akaikaza. Raba mpya ikakaa katikati, nyekundu, laini, ya kiwandani. Pampu ikarudi mahali pake, bolti zikakazwa kwa mkono uliotulia, mipira ikafungwa. Wakaanza kurudisha oili tangini kwa faneli yenye kitambaa. Ilikuwa bado inashuka pale nyimbo zilipoanza kusikika kutoka barabarani.

Gari lilisimama mbali kidogo na kijiko. Wanaume wakalitoa jeneza wakaliinua mabegani, Elinami, mtoto wa marehemu, akiwa mbele. Walikuja wakiimba mpaka walipofika mbele ya ile mashine, wakasimama. Wimbo ukaisha wenyewe katikati ya ubeti.

"Tayari?" Elihuruma aliuliza.

"Tayari, mzee. Imebaki kuwasha."

Hapo ndipo Elihuruma aliposhika fimbo yake kwa mikono miwili. Nyundo haikugongwa, sawa, lakini injini je? Dizeli iungurume mbele ya jeneza? Wazee wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema injini haigongwi. Mwingine akasema injini yenyewe ni kugongana kwa vyuma, tena kwa siri, ndani. Vijana walioshika jeneza wakaanza kubadilishana mabega. Kijana mmoja akasema jamani, mahindi yako pale, tupite tu, mzito huyu. Jabiri alisimama na kitambaa mkononi, amefanya yote aliyoweza kufanya, na neno lililobaki halikuwa lake.

Mama Elinami akatoka. Wanawake wawili walimshika mikono lakini hawakuwa wakimwongoza. Yeye ndiye aliyekuwa akiwavuta. Alisimama kati ya jeneza na mashine.

"Shemeji," alimwambia Elihuruma, "kaka yako alinioa akinuka dizeli. Watoto wake wote watatu walimjua kwa harufu kabla hawajamjua kwa sura. Usiku alikuwa akiamka akisikia gari linapanda mlima, anakaa kitandani anasikiliza, ananiambia hilo lina tatizo hapa au pale. Nikamwambia lala, si lako. Leo mnataka aingie kwake kimya kimya kama mgeni?" Akamgeukia fundi. "Jabiri, washa. Aingie akisikia kitu anachokijua."

Elihuruma alivua kofia. "Mwenye msiba amesema," akasema, akasogea pembeni.

Bariki akapanda kitini. Jabiri akamwambia azungushe injini kwanza bila kuiwasha, mara kadhaa, ili pampu imeze oili yake. Kisha akainua mkono, na Bariki akawasha. Injini ikashika. Pampu ikalia, mlio mwembamba wa hewa iliyonaswa, ule ambao ungemtisha mtu asiyejua. Ukapanda, ukayumba, ukaanza kushuka. Bariki akasogeza mikono ya kuendeshea taratibu kama alivyoelekezwa. Mlio ukashuka zaidi, ukawa mngurumo, ukatulia.

Jabiri alifumba macho. Aliusikiliza mpaka chini kabisa, kwenye raba, mahali ambapo kosa lingejificha. Ulikuwa mzuri. Alidhani ulikuwa mzuri. Kulikuwa na kitu kidogo mwanzoni mwa kila mzunguko, au hakikuwepo, au kilikuwa moyo wake mwenyewe.

"Fundi!" Bariki aliita kutoka juu. "Imekaa?"

Na Jabiri, kwa mazoea ya maisha yake yote, akageuka kumuuliza Mzee.

Jeneza lilikuwa hatua chache kutoka usoni pake, juu ya mabega ya vijana. Alilitazama, na hapo ndipo Aminieli alipokufa kwake. Si katikati ya wiki, si chini ya lori, bali pale, mbele ya pampu inayounguruma na watu wote wakisubiri jibu. Alilia wazi, mikono yake ikiwa imejaa oili hata asiweze kujifuta. Hakuna aliyemharakisha. Hata vijana walioelemewa walisimama imara.

Akageukia mashine tena. Akasikiliza kwa mara ya mwisho, peke yake.

"Imekaa," alisema.

Alisimama kidogo, kama mtu anayengoja kusahihishwa. Hakuna aliyemsahihisha. Bariki akainua bakuli, minyororo ikashika udongo, kijiko kikatambaa kutoka langoni bila kugusa hata jani moja la masale, na wale vijana wakaanza kutembea.